Oili Nzito kwa Pikapu ya Marehemu

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Joto la kuchemsha ubongo. Kuku wamejilaza chini ya pikapu, midomo wazi. Mimi nimejilaza sebuleni, mdomo wazi vilevile. Mkubwa, mwanangu wa kwanza, akanikuta hivyo. Akadhani nimekata roho. Akapiga ukelele! Nikamwambia bado, asiwe na haraka, zamu yangu itafika.

Shajara hii si yangu. Duka la betri humpelekea marehemu mume wangu kila mwaka, kwa kuwa ni mteja mwema. Mwaka huu pia wameleta. Hawana habari. Nikaipokea, nikashukuru kwa niaba yake, nikaingia ndani nikalia, nikatoka. Sasa naandika mimi. Shule sikuikanyaga hata kivuli chake. Herufi na namba nilifundishwa naye, kwa makopo ya oili, tumekaa kizingitini. Ndiyo maana O yangu inapendeza kuliko herufi nyingine zote.

Sasa la leo. Mkubwa amekuja kuniambia anauza pikapu ya baba yake.

Hakusema moja kwa moja. Tangu mdogo, jambo baya hulizunguka kama mtu anayemvizia mbuzi asiyetaka kamba. Akauliza habari za goti. Akasifu chai. Hata kibao nilichokalia akakisifu. Nikamwambia mwanangu, tapika. Akatapika. Amepata mnunuzi, anakuja Jumapili. Pikapu imezeeka, inakunywa, ikipanda kilima taa nyekundu inawaka, siku moja itatuacha njiani. Nikamwambia baba yako naye alizeeka, alikunywa, macho yalimwaka, na mwisho ametuacha njiani kweli. Mbona sikumuuza?

Akakuna ndevu. Halafu machozi. Jitu zima, ndevu zote zile! Ikabidi nimfute mimi kwa pindo la kanga, na yeye ndiye aliyekuja na ubaya.

Tukapatana hivi. Jumamosi tunapanda kilima cha makaburini, kama kila Jumamosi. Taa ya oili isipowaka kupanda na kushuka, pikapu inabaki. Ikiwaka, Jumapili inakwenda.

Lazima ibaki. Sababu naiandika hapa, kwa maana nikiisema watu wataniletea maji ya kunywa na kunipepea. Kila Jumamosi nakaa kwenye kiti changu kilekile, chenye waya unaonichoma paja tangu ujana. Injini inagonga tik-tik-tik. Ni mlio huo huo niliokuwa nikiusikia tangu kona ya barabara, nikajua maji yake ya kuoga yaende motoni. Kwa urefu wa njia ile mimi si mjane. Nikishuka pale juu najua. Lakini njiani, bado.

Na pikapu ikienda, nitapandishwa kilima na Wifi. Dada yake marehemu. Ana kigari kipya kinachoteleza kama sabuni ya kipande, hakina sauti, hakina adabu, kinamfikia mtu bila hodi. Sitaki!

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimekwenda njia panda kumfuata Fundi Mwavuli. Ana mwavuli mmoja mkubwa uliotoboka, na chini yake ndiyo gereji, ofisi na chumba cha kulia. Nikamtania, mume wangu, nyumba yako inaungua, umekaa tu? Akacheka, akasema Bibi, mke kama wewe atanimaliza nguvu. Nikamwambia nguvu zipi? Akachukua spana zake akanifuata.

Akafungua boneti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia, akaisugua oili baina ya vidole, akainusa. Akauliza nani ameweka maji humu.

Si maji. Ni oili aliyoinunua Mkubwa. Na ushauri ulitoka wapi? Kwa Wifi! Eti ndiyo inayotumika kwenye kigari chake, eti ndiyo ya kisasa. Nilijua. Nilijua tu kwamba mkono wa yule mwanamke umo mle ndani.

Fundi akanieleza taratibu, nami nikamsikiliza kama bibi harusi. Oili ina namba mbili, katikati yake W. Ya mbele ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inaamka upesi. Ya nyuma ni ya injini ikishapata moto: ikiwa kubwa, oili inabaki na uzito wake, haigeuki maji. Kigari cha Wifi ni kipya, vyuma vyake vimebanana, thelathini kwa nyuma inakitosha. Pikapu yetu imelika, ina nafasi kila mahali, kama meno yangu. Na jua hili! Thelathini inapita tu, haishiki kitu, ndiyo maana taa inalia. Yeye angetia hamsini kwa nyuma na ishirini kwa mbele. Ila hapendi kubahatisha, kwa kuwa pikapu hizi hazifanani, na namba yenyewe imechorwa na kiwanda juu ya kifuniko cha oili. Akachukua kitambaa akifute asome.

Nikampiga kofi mkononi. La nguvu.

Kile kifuniko kina uchafu mweusi, umeganda. Katikati ya uchafu pana alama ya dole gumba. Mistari yake yote unaiona. Ni dole la marehemu. Alikifunga asubuhi ile, akaingia ndani, akasema anajinyoosha kidogo. Mkubwa alipobadili oili nilimsimamia kichwani. Akakifungua kwa ncha za vidole, kwa kushika kingo, kama mtu anayeiba yai chini ya kuku anayetaga.

Fundi akatazama. Akavua kofia. Akakunja kitambaa chake vizuri, akakirudisha mfukoni. Akasema basi Bibi, tutabahatisha. Hamsini. Ijumaa nitakuja kuibadili mwenyewe, usiguse kitu.

Kijana mwenye moyo. Ila ana woga. Hamsini! Kwa jua hili?

Jumatano, tarehe 5 Februari

Wifi kaja. Hakupiga hodi, kama kigari chake. Amesikia habari, nani kamwambia sijui, nadhani huota. Akasema wifi, hebu acha ushamba, oili nzito ilikuwa ya zamani, siku hizi watu wanatumia nyepesi. Mkwewe anafanya kazi kituo cha mafuta, ndiye amesema. Nikamwambia mkweo anajaza matangi kwa bomba, hata kuku wangu akifundishwa ataweza.

Tukaamua kushindanisha. Nina tone la hamsini, nilimwomba fundi kidogo kwenye kikopo. Yeye ana kopo zima la thelathini kwenye kigari. Nikaegemeza bati ukutani, jua la utosi, linachoma kama pasi. Tukaweka kijiko changu na kijiko chake kule juu. Tukaachia!

Yake ikatimua. Kabla sijapepesa macho ilikuwa chini, inachuruzika mchangani. Wifi akacheza, na nyonga ile mbovu, akashika ukuta. Yangu ikashuka kwa maringo, hatua, inasimama, hatua, inasimama. Wifi akasema umeona? Umeshindwa!

Nikamwambia wifi yangu, uliona wapi askari mwema akiwa wa kwanza kukimbia? Jua limemgusa tu huyo wako, ametoroka. Wangu bado yuko vitani. Injini inataka wa kubaki.

Akachukua kopo lake. Ushindi! Nimeuandika kwa herufi nene.

Lakini nilipoketi peke yangu nikalitazama tena lile bati. Tone langu nalo lilikuwa limefika chini. Limechelewa, limefika. Hata hamsini hukimbia. Jambo hili limenikosesha raha. Kama nzito kidogo ni njema, nzito sana si njema sana? Uji mwepesi haushibishi, mzito unashibisha. Nani asiyejua?

Jambo jingine. Wifi alipokuwa anaondoka alisimama kwenye pikapu. Akaweka kiganja juu ya bodi, akakaa vile, na bati lile linaunguza. Nikamuuliza vipi, unapima bei? Akaondoka bila kujibu. Si kawaida yake. Yule hujibu hata asipoulizwa.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimeipata! Nimeipata!

Nimekwenda duka la vipuri. Mwenye duka ni mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu, watu humwita Mama Makopo. Nikamwambia anipe oili yenye namba kubwa kuliko hamsini. Akauliza ya nini. Nikasema ya jua. Akauliza ya injini au ya gia. Nikasema pikapu ina vyote viwili, ni ya heshima. Akainama chini kabisa ya rafu, akaibuka na makopo yenye vumbi. Nikayafuta kwa kanga nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa. Mbele themanini na tano. Nyuma mia moja na arobaini!

Mia moja na arobaini. Mara mbili ya hamsini na chenji inabaki. Moyo ulinipiga teke.

Mama Makopo akasema bibi, hiyo ni ya gia. Nikamuuliza binti yangu, jua likiwaka hugonga mlango na kuuliza hapa kwa gia au kwa injini? Akashusha pumzi, akanifungia.

Ijumaa sikuingoja. Fundi angekuja na maneno yake. Nikaivuta spana ya marehemu uvunguni mwa kitanda, nikatandika gunia, nikaingia chini ya pikapu. Maisha yangu yote nimemwona akiilegeza ile nati, nikimshikia taa na kumgombeza. Ikalegea! Oili ya Wifi ikashuka yote, nusu kwenye karai, nusu kwenye kilemba changu na sikioni. Nikafunga nati, barabara. Nikataka kutoka. Sikuweza. Goti limekataa, makalio yamekwama, kuku wananishangaa.

Hapo ndipo Wifi akarudi, eti kafuata miwani yake. Akaona miguu yangu tu, imetokeza, haichezi. Lo! Yule mwanamke alipiga yowe ambalo sikulisikia hata siku ya msiba wenyewe. Wifi yangu! Wifi yangu na wewe umenikimbia, umemfuata kaka, mimi mnaniacha na nani! Mtaa mzima mlangoni. Wakanivuta miguu kama gunia la mkaa. Wifi aliponiona napepesa macho alinipiga kofi. Halafu akanikumbatia. Halafu akaniona uso, mweusi kama sufuria, akacheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona anafuta macho kwa namna ambayo si ya kucheka.

Sikumwambia habari za mia moja na arobaini. Angeharibu.

Walipoondoka nikamimina. Kopo la kwanza lilishuka polepole, kama asali yenye kiburi. La pili likafuata lote. Kijiti kinaonyesha imepita alama ya juu, imepita sana. Vizuri. Chungu kilichojaa hakiungui.

Kifuniko nikakifunga kwa kingo. Dole lipo.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Nimewasha asubuhi. Injini ikaguna, ikajivuta, ikaguna tena, kama mimi nikiinuka mkekani. Kisha ikashika. Na ikanyamaza! Inazunguka lakini haigongi. Hakuna tik hata moja. Nikapiga vigelegele peke yangu uani. Imepona! Hamsini itafanya nini hapa!

Nikangoja kidogo. Nikaweka sikio kwenye boneti. Nikangoja tena.

Kimya.

Nikazima, nikaingia ndani, nikakalia kitanda upande wake. Nilitaka ipone. Sikutaka inyamaze.

Fundi Mwavuli akaja kama alivyoahidi, nikamwahi langoni. Nikamwambia ndugu mmoja ameshaibadili. Akasikiliza ikizunguka, kichwa kimeinama upande. Akauliza ametia namba gani. Nikasema hamsini na ushei. Si uongo! Akataka kuchomoa kijiti aone. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamuuliza lini anaoa, akamaliza kikombe upesi akaondoka. Kila hatua anageuka kutazama pikapu. Mwoga yule.

Saa saba mchana, jua limetoa ulimi. Nikaona niijaribu kama itakavyojaribiwa. Nikawasha, nikaiacha ichemke, nimekaa kwenye kiti cha dereva, natazama ile taa. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Nikaanza kuimba. Halafu ikawaka. Kidogo tu. Ikazima. Ikawaka tena. Kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Nikazima haraka. Kesho Mkubwa akiiona hiyo, basi.

Nikafikiri. Mapatano yalisema taa isiwake. Taa ikiwaka na asiione mtu, imemwakia nani? Nina plasta za kidonda kwenye kabati. Nikakata kipande, nikakipaka masizi ya sufuria, nikakibandika pale juu ya taa. Nimesogea nyuma, nimetazama. Utadhani kilizaliwa pale. Alhamdulillahi kwa akili.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Siwezi. Naandika kwa kuwa nikiacha leo sitaandika tena.

Tuliondoka asubuhi, Mkubwa kwenye usukani, mimi kwenye kiti changu, na Wifi katikati. Alijileta mwenyewe. Kigari chake kakiacha kwangu, eti leo anataka kupanda gari la kaka yake. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa na siri yangu ya kulinda.

Kilima kikaanza. Mkubwa anatazama barabara, anatazama pale penye taa, barabara, taa. Tulipofika nusu akaanza kutabasamu. Akasema Mama, haiwaki. Akapiga usukani kwa furaha. Mama, haiwaki! Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuendesha kilima hiki hiki, akimwambia gari usilipige, libembeleze. Akaiga sauti ya baba yake. Wifi akacheka. Nikamtazama mwanangu, nikaona alichokificha wiki nzima. Hakutaka kuuza. Alikuwa anaombea ishinde, kuliko mimi!

Na mimi nimeificha plasta moyoni.

Ndipo nikaisikia. Tik. Tik-tik. Jamani, imerudi! Nikawashika mkono, nikawaambia sikieni, huyo, amerudi. Macho yakanijaa. Wifi akainamisha kichwa akasikiliza. Akasema taratibu, wifi, hiyo si sauti ya kaka. Nikamwambia ndiyo. Ikawa tok-tok. Akasema siyo, wifi. Nikamwambia nyamaza, namjua mume wangu! Ikawa nyundo. Ikawa nyundo mbili. Moshi ukapita mbele ya kioo. Mkubwa akatazama pale penye taa, giza tupu, hakuna hatari, akakaza mguu tufike.

Tulifika. Langoni mwa makaburi hasa. Injini ikatoa mlio wa chuma kinachokataa, nikaufahamu mlio ule, hata mtu huutoa. Kisha ikasimama. Mkubwa akageuza ufunguo. Akageuza tena. Hakuna.

Akapitisha kidole pale penye taa. Kidole kikakuta kitu. Akakibandua kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka, nyekundu, kamili, sijui tangu wapi. Akaiangalia ile plasta kiganjani. Akaniangalia mimi.

Akaikunja, akaitia mfukoni. Heri angenitukana.

Tukamaliza kwa miguu. Nilimwambia marehemu yote mwenyewe, kabla hajaambiwa na dada yake. Mkubwa alisimama nyuma yangu, na mbele ya baba yake hakunisuta. Wifi alinishika mkono muda wote. Mkono wake una joto kama wa kaka yake, sikuwahi kujua.

Fundi Mwavuli akaletwa kwa pikipiki. Akachomoa kijiti, safari hii hakuna aliyemzuia, akaona povu tupu. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. Namba za gia na namba za injini hazipimwi kwa kipimo kimoja, Bibi. Ni kama umri wa mbuzi na umri wa mtu: mbuzi wa miaka kumi ni mzee, mtu wa miaka kumi anatumwa dukani. Oili ile hata si nzito kama ulivyofikiri. Imetengenezwa kwa meno ya gia, si kwa moto wa injini. Na ulivyoijaza hadi shingoni, vyuma vimeichapa ikawa povu, na povu halishiki chuma. Taa ndiyo iliyokuwa inakwambia. Injini imeshikana. Basi.

Nimeiua mlangoni kwake.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mnunuzi kaja, mtu mwenye haya, anakohoa kabla ya kila neno. Alikuwa ameshaambiwa. Akasema haidhuru, anachotaka ni bodi, injini anayo nyingine nzima. Hii yetu hana haja nayo.

Wakaing'oa na kuiacha. Mkubwa hakutaka itupwe. Akaisimamisha mwenyewe juu ya magogo mawili, palepale uani penye doa la oili ya miaka yote. Pikapu ikavutwa kwa kamba, ikapita kona. Haikutoa sauti. Kuku wametafuta kivuli chao, wamezunguka, wamezunguka, wamekaa juani.

Mkubwa akaketi karibu nami kizingitini. Akaniuliza kwa nini, Mama. Nikamwambia habari ya tik-tik-tik na maji ya kuoga. Nilidhani atacheka. Akasema yeye akiwa mdogo, akiisikia kutoka kona, alikuwa anakimbia kuvaa shati alilolivua, asigombezwe. Juzi kazini gari lilipita linagonga hivyo, akajikuta anatafuta vifungo. Nikamwambia mbona hukuniambia? Akasema ningekwambia, ungesema tapika. Kweli. Ningesema. Nikamvuta kichwa nikakiweka begani pangu, kizito kama jiwe la kusagia, tukakaa.

Wifi akaja na chakula. Nikampeleka kwenye injini, nikamwonyesha kifuniko. Sikuwahi kumwonyesha. Akavaa miwani, akainama. Akakaa hajanyanyuka. Kisha akaninong'oneza niuone mstari mmoja unaokata mistari mingine yote. Nilikuwa nikiuona siku zote, nikadhani ni mkunjo wa uchafu. Akasema ni kovu. Kaka yake alijikata akimmenyea yeye muwa, walipokuwa wadogo, damu ikaenda kwenye muwa, na kwa kuwa ulikuwa mmoja tu, wakaula hivyo hivyo.

Miaka yote nimelala na dole lile, sikuwahi kuuliza lile kovu.

Fundi Mwavuli alikuwepo, anakusanya spana. Akasema sasa injini imekwisha, hebu tukifute, angalau tujue ilikuwa inataka namba gani, liwe funzo. Akatoa kitambaa.

Tukampigia kelele, mimi na Wifi, sauti moja. Akaangusha spana.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Joto ni lilelile. Halikusikia msiba.

Wifi amekuja kunipeleka dukani, na Jumamosi atanipandisha kilima. Nimekubali. Nimekaa kwenye kigari chake mara ya kwanza. Kiti ni laini, hakuna waya, paja langu halikujua pa kulalamika. Kinateleza. Kimya kama chumba cha mgonjwa. Njia nzima sikumsikia marehemu.

Wifi anazungumza, anazungumza, na mimi leo namsikiliza. Anaendesha huku anakodoa, hajapata miwani inayomfaa. Ana nyonga mbovu. Hana kaka. Ana mimi tu.

Tuliporudi kachoka, nikamtandikia mkeka sebuleni, upande wenye upepo. Amelala mdomo wazi. Nikatoka kwenda kukifungulia boneti kile kigari, nione tu. Kifuniko chake ni safi, namba imeandikwa kwa rangi nyeupe, mtu anaisoma akiwa amesimama mbali. Thelathini kwa nyuma.

Thelathini! Kwa jua hili! Nimeona kwa macho yangu pale kwenye bati, ile ndiyo ya kwanza kutoroka. Wifi yangu anapanda nayo kilima. Siku moja itamwacha njiani, na mimi nimechoka kuachwa, sina tena wa kupoteza.

Kiwanda kimesema thelathini, sawa. Kiwanda kinajua nini? Kifuniko chenyewe hakijawahi kushikwa na mtu wetu.

Kosa la pikapu nimelitafakari sana. Kumbe ile haikuwa nzito kama nilivyofikiri, fundi kasema kwa kinywa chake. Ndiyo kosa! Mama Makopo, nilipopita leo kumsalimu, amesema ipo nyingine, nyuma yake mia mbili na hamsini. Alinikatalia mara tatu. Nikamwambia ni ya mtu ninayempenda. Akaifunga kwa gazeti.

Wifi anakoroma. Ufunguo upo mezani. Spana ipo uvunguni. Gunia nimelitandika.

Na kile kipande cha plasta kilichobaki nimekipaka masizi kabisa, kisije kikahitajika.